Sifuri Niliyoitoa kwa Kopo la Ndagala

Ninyi mnaoanza mwaka wa kwanza, kaeni vizuri. Nimeombwa niwaandikie maneno machache kuhusu miaka yangu ya kufundisha mikroekonomi hapa Rumonge, nami nimekubali kwa sharti moja: nisianze na siku niliyozaliwa, wala nisimalize na siku niliyopewa cheti cha kustaafu na jagi la plastiki. Jagi lenyewe ninalo bado, linavuja. Nitaanza popote kumbukumbu itakaponishika, na ninyi mtanisikiliza kama wenzenu walivyonisikiliza, yaani nusu yenu mkiwa kwenye simu.

Mikro, kama tunavyoiita kwa mkato, ni elimu ya watu wanaochagua. Mtafundishwa kwa Kifaransa, mtaelezana kwa Kirundi, halafu mtaenda kununua mboga kwa Kiswahili, na katika safari hiyo mambo mengi hupotea njiani. Kwa hiyo shikeni hili kwanza. Mama amesimama sokoni na noti moja. Mbele yake kuna maharage na kuna ndagala, dagaa wa ziwa letu. Hawezi kuchukua vyote viwili. Akichukua ndagala, gharama yake halisi ni yale maharage aliyoyaacha. Ukilielewa hilo umeshaipata nusu ya kozi, na nusu inayobaki ni kuchora.

Hilo la gharama mimi mwenyewe nilifundishwa na mwanafunzi. Mwaka wangu wa pili kazini niliwaambia darasani kwamba somo langu ni la bure, hakuna anayelipa mlangoni, basi mtu asinikimbie. Kijana mmoja wa Gatete, mrefu, mwenye mikono iliyojaa alama za miiba ya michikichi, akasimama.

"Mwalimu, haiko bure," akasema. "Leo kwetu iko siku ya kukamua mawese. Mimi nikikaa hapa, naacha bido moja ya mafuta."

Darasa likacheka. Nilikuwa nimetoka kuwaeleza jambo hilohilo ubaoni kwa herufi za Kigiriki. Tangu siku hiyo sikusema tena neno bure, na kila nilipoandaa somo nilijiuliza kama linafikia thamani ya bido moja, yaani dumu zima, la mawese. Mara nyingi halikufikia, nakiri.

Kuna pia ile siku ya mandazi. Kitabu kinasema kila kipande unachoongeza kinakupa raha ndogo kuliko kilichotangulia. Nikanunua mandazi kumi, nikamwita kijana mmoja mbele, nikamwambia ale, na baada ya kila moja atangaze raha aliyoipata. La kwanza, kumi. La pili, kumi. La tano, kumi. La nane aliniambia, "Mwalimu, bado iko tamu," na darasa zima lilikuwa limesimama kumshangilia. Kumbe alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake. Nadharia haikufa siku ile, ila iliugua. Niliondoka nimejifunza kwamba kabla ya kumpima mtu raha, mpime njaa kwanza. Na mandazi mawili yaliyobaki niliyala mwenyewe kwa hasira.

Aliyenirithisha kozi hii alikuwa Mzee Damasi, mwalimu mwembamba aliyevaa koti hata wakati wa jua kali la ziwani. Siku hizo chaki zilikuwa za kuhesabu, na umeme ulikuwa unakuja unapotaka. Zikiisha chaki, Mzee Damasi aliwatoa wanafunzi uani na kuwauliza ni nani angetoa hela nyingi zaidi kwa chupa moja ya limonadi baridi. Aliwapanga mstari, wa hela nyingi mwanzoni, wa hela kidogo mwishoni. Kisha alitangaza bei, na wote waliokuwa chini ya bei hiyo waliketi chini. Akishusha bei, wengine wanasimama. Mkunjo wa mahitaji, ule mstari wa bei ikishuka wanunuzi wanaongezeka, ukawa unaonekana kwa macho, watu wanapanda na kushuka. Siku moja mjanja mmoja alijipanga mara mbili, kwa kuwa alikuwa na kiu sana.

Alipokuwa ananiachia kozi, Mzee Damasi alinipa ushauri mmoja tu. "Usiwachoree mkunjo kabla hawajauona wenyewe," akasema. "Ukiuchora kwanza, watakuletea ulichochora." Nilimwitikia kwa heshima, nikamwona mzee amechoka, na mwaka uleule nikafanya kinyume. Hilo ndilo kosa ninalotaka kuwasimulia, maana lilikaribia kumharibia mtu maisha.

Mtu huyo aliitwa Evelina. Wazazi wake walikuwa wamerudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi ya ukimbizi, wakapata kipande cha shamba kule Bugarama. Baba yake alikuwa amemwambia wazi: mwaka mmoja wa chuo, ukifaulu tutaendelea kujibana, ukianguka unarudi tulime wote. Sote tulilijua hilo, kwa sababu Evelina hakulificha. Alikuwa anakaa mstari wa mbele, anauliza maswali mafupi, na ana daftari alilolifunika kwa gazeti lisichakae.

Muhula ule niliwapa kazi ya vitendo. Kila mmoja achague muuzaji mmoja wa ndagala wakavu, aende kwake kila wiki kwa wiki nane, aandike bei ya kopo moja la kupimia na idadi ya makopo yaliyouzwa siku hiyo. Kabla hawajaondoka, niliwachorea ubaoni mkunjo mzuri wa mahitaji, unashuka kutoka kushoto kwenda kulia, nikaupamba kwa chaki ya rangi. Nikawaambia, "Mtaukuta sokoni."

Wiki nane zikapita, daftari zikaja. Watoto wangu, nilifurahi mno. Mikunjo ilikuwa safi, bei zinapanda, makopo yanapungua, bei zinashuka, makopo yanaongezeka. Mmoja mkunjo wake ulipendeza hivi kwamba niliubandika ukutani nje ya ofisi. Halafu nikafungua daftari la Evelina.

Alikuwa amekwenda Gitaza, ambako shangazi yake alikausha ndagala, na muuzaji wake alikuwa mwanamke anayeitwa Mama Zuhura, mwenye meza kando ya barabara. Wiki ya kwanza, bei faranga elfu mbili. Wiki ya pili, elfu mbili. Wiki nane zote, elfu mbili, wakati idadi ya makopo inaruka juu na chini bila sababu. Na pembeni ya kila bei alikuwa amechora vijidude: hapa kilima kidogo, pale mstari uliolala, kwingine kilima chenye vitone viwili juu yake. Nikaona binti huyu amekaa kwa shangazi yake, ameandika namba moja mara nane na kupoteza muda kwa kuchorachora. Nikamwandikia sifuri kwa wino mwekundu, na chini yake neno moja: udanganyifu.

Chuoni kwetu neno hilo lilikuwa na uzito wake. Aliyeandikiwa udanganyifu alipelekwa mbele ya juri, kikao cha walimu kinachoamua nani amepita na nani hapana, na juri ikilikubali, mwaka wote unafutwa. Kikao kilikuwa Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumatatu.

Evelina alikuja ofisini, daftari mkononi.

"Mwalimu, nilienda kila wiki. Bei ilikuwa ileile."

"Soko haliwezi kulala wiki nane," nikamwambia.

"Michoro umeisoma, Mwalimu?"

"Nimeiona. Mikro si somo la kuchora vilima."

Aliweka daftari mezani kwangu, akanishukuru kwa Kirundi, "Murakoze, Mwalimu," akatoka taratibu. Nilibaki na kiburi changu, nikajisifu kwamba mimi si mtu wa kudanganywa.

Kesho yake mchana nilikuwa mezani na mke wangu, Mama Eliya, nikimlalamikia jinsi vijana wa siku hizi wasivyokuwa na haya. Nikamwambia habari ya yule aliyeandika bei moja wiki nane. Mama Eliya akaacha kijiko.

"Baba Eliya, tangu tuoane umenunua ndagala mara ngapi?"

Nikafikiri. "Nimewahi."

"Hujawahi. Ile siku nilikuwa na homa, wewe ulileta sardini." Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kushika tumbo. "Kopo iko elfu mbili. Mwezi uliopita ilikuwa elfu mbili, leo iko elfu mbili. Yenye kubadilika iko mu sufuria. Siku zingine si unalalamika nimekupa mchuzi mutupu?"

Ni kweli nilikuwa nalalamika. Miaka yote ile nilikuwa nakula somo langu mwenyewe, wiki hii ndagala tele, wiki ijayo mchuzi mtupu, na sikuwahi kuuliza kwa nini. Mimi niliyefundisha soko sikuwa nimenunua mboga hata siku moja. Nikakumbuka ile sifuri.

Asubuhi ya Jumatano nilichukua daftari la Evelina na kikapu cha mke wangu, nikaenda Gitaza. Mama Zuhura alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, kitambaa cha kijani kichwani, amekaa nyuma ya lundo la ndagala wanaong'aa. Nilimsalimia, nikamwuliza kama anamfahamu binti mmoja aliyekuwa anakuja na daftari.

"Evelina? Huyo mutoto amenisumbua sana," akasema, lakini alikuwa anatabasamu. "Kila wiki anakaa hapa, anahesabu makopo, anaangalia mikono yangu. Nikamwambia, weye unataka kuniibia kazi?"

Nikamwonyesha michoro. Akafuta vidole kwenye kanga, akashika daftari, akalitazama. Kisha akachukua kopo lake, lile la maziwa ya unga lililokatwa juu, akalijaza na kulipangusa kwa kiganja mpaka likawa sawa na ukingo.

"Hii ndiyo huyu," akasema, akigusa mstari uliolala. "Wakati mwezi iko mukubwa. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti samaki, ndagala zinakuwa chache."

Akajaza tena, safari hii akamimina mpaka ndagala wakafanya kilele na wengine wakaanguka. "Huyu ndiyo kilima." Halafu akachota kwa mkono, akatupia juu mara moja, mara mbili. "Na hizi vitone ni matabishi. Nyongeza. Ndagala zikijaa, usipomupa muteja nyongeza anaenda kwa jirani."

"Kwa nini usipandishe bei tu wakiwa wachache?"

Akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu, mutu anakuja na noti moja ya elfu mbili. Nikimwambia elfu mbili na mia tatu, hizo mia tatu atazitoa wapi? Nikimwambia elfu na mia saba, mimi nitamurudishia nini? Noti haikatwi. Ndagala inakatwa."

Nilinunua kopo la bapa na kopo la kilima chenye nyongeza mbili, kila moja elfu mbili. Jirani yake alikuwa muuza nyama mwenye mizani, nikamwomba anipimie. Lile la kilima lilikaribia kuwa mara mbili ya lile la bapa. Kwa noti ileile, watoto wangu. Bei ilikuwa inapanda na kushuka kila wiki mbele ya macho ya kila mtu, ila haikuwa inapandia kwenye namba. Ilipandia kwenye kopo.

Nilirudi nyumbani nikakaa na daftari. Badala ya elfu mbili, kila wiki nikaandika bei ya uzito, nikitumia michoro yake: bapa, kilima, kilima chenye kitone, kilima chenye viwili, yale ya katikati nikiyakadiria kutoka kwa mawili niliyoyapima. Kisha nikaweka nukta moja moja mbele ya idadi ya makopo aliyoihesabu. Nukta zikashuka kutoka kushoto kwenda kulia. Hazikunyooka, moja ilitoka nje kabisa, kwa kuwa wiki ile kulikuwa na harusi mbili Gitaza, na hilo pia alikuwa ameliandika. Ulikuwa mkunjo wa kweli wa kwanza niliouona katika maisha yangu ya ualimu. Nilifurahi, na hapohapo nikaona aibu hata nikashindwa kula. Ndagala aliwapika Mama Eliya akawala yeye.

Halafu wazo jingine likaniingia. Kama sokoni namba haibadiliki, zile bei nzuri za wenzake zilitoka wapi?

Alhamisi niliingia darasani bila vitabu. Nikamsimamisha yule ambaye mkunjo wake nilikuwa nimeubandika ukutani, nikamwuliza swali moja tu.

"Wiki ya tatu, kopo lilijazwaje?"

Akatazama dari. "Lilijazwa vizuri, Mwalimu."

Nikamwuliza wa pili, akasema lilikuwa safi. Wa tatu akasema lilikuwa na kifuniko. Hapo darasa likaangua kicheko, na katikati ya kicheko nikawaona wanaanza kuinamisha vichwa mmoja baada ya mwingine. Wakakiri kwamba hakuna aliyekwenda sokoni zaidi ya mara moja. Walikaa nyumbani wakaandika namba zinazofuata mkunjo niliowachorea kwa chaki ya rangi. Nilikuwa nimewapa alama nzuri wote waliotunga, na sifuri kwa mmoja aliyekwenda. Sikuweza hata kuwafokea. Maneno ya Mzee Damasi yalikuwa yananipigia kelele kichwani.

Evelina alikuwa hayupo. Rafiki yake aliniambia ameshafunga mzigo, anasubiri tu Ijumaa ipite ili arudi Bugarama akamwambie baba yake ana kwa ana. Nikamtuma rafiki huyo amwambie asisafiri.

Ijumaa asubuhi, mbele ya juri, walipofika kwenye jina lake nikasimama. Mwalimu akikubali kosa mbele ya wenzake, atasikia habari yake mpaka astaafu, na mimi niliisikia, msiwe na shaka.

"Sifuri hii ni yangu," nikasema. "Huyu binti ndiye pekee aliyefanya kazi."

Mwenyekiti, mtu mkavu asiyependa karatasi zilizokatwakatwa kwa kalamu, akavua miwani. "Unataka kubadilisha alama ya mtu mmoja, au ya watu wote?"

"Ya wote."

Wenzangu wakaguna kwa pamoja, maana orodha zilikuwa zimeshachapwa. Nikawaeleza habari ya kopo tangu mwanzo, bapa na kilima na nyongeza. Mwenyekiti akaniuliza kama sikuwa nalijua hilo, maana kwake kila Jumamosi ni yeye anayenunua ndagala. Nikasema sikulijua. Walicheka kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwisho wakakubali: Evelina amepita, na waliotunga watarudi sokoni wiki nane nyingine, ndipo matokeo yao yatolewe.

"Na wewe Mwalimu?" mwenyekiti akauliza.

"Na mimi nitakwenda nao."

Nilikwenda kweli, kikapu mkononi, wiki zote nane, na sikuacha tena. Mpaka leo mboga za nyumba hii nanunua mimi. Siku hizi elfu mbili hainunui tena kopo lile. Siku bei ilipobadilika haikupanda kidogo kidogo, iliruka kutoka noti hadi noti, na ni mimi niliyeleta habari hiyo nyumbani kabla ya mke wangu. Mafunzo nayo yamebadilika, mna kompyuta zinazochora mkunjo kabla hujamaliza kuketi. Ndiyo maana ninawaandikia. Kompyuta itakuchorea chochote utakachoipa, kama vijana wangu walivyonichorea mimi. Nenda kwanza ukaangalie kopo limejazwaje.

Jumatatu iliyofuata nilimrudishia Evelina daftari mbele ya darasa zima. Nilimwomba radhi kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Sifuri nilikuwa nimeikata, na neno udanganyifu nimelifuta mpaka karatasi ikatoboka. Pembeni nilikuwa nimeandika kumi na saba juu ya ishirini. Alilifungua, akatazama alama, macho yamejaa maji, nami nikaanza kuogopa kwamba hatanisamehe.

Akafuta uso kwa mgongo wa mkono. Kisha akaniwekea daftari mezani, likiwa wazi, akalisukuma kwangu kwa kidole, kama wanunuzi wanavyomsukumia Mama Zuhura kopo.

"Na nyongeza, Mwalimu?"

Nikachukua kalamu, nikaikata saba nikaandika nane, na pembeni yake nikamchorea kilima kidogo chenye vitone viwili.